Siku Mlango wa Mzuka Ulipokataa Kulia

Sogeeni, enyi wenye masikio, na mwenye kikohozi akakohoe nje! Nawasimulia vita vya Wilfred Tapscott, Simba wa Bisibisi, mtunza vifaa wa kampuni maskini ya filamu, katika jumba la kukodi kule Surrey, mwaka wa tatu tangu Wajerumani waweke silaha chini, sukari ingali ya kugawiwa kwa kadi na shuka la mzuka likiwa la kuazima.

Mzuka mwenyewe alikuwa mpishi wao, na hakumtisha hata paka. Tegemeo lilikuwa mlango wa maktaba, ambao kwa wiki mbili ulilia kwiiii hata nywele zikasimama. Wakapanga kuupiga picha siku ya mwisho.

Lo! Siku hiyo ukafunguka kimya kabisa. Bi. Ambler, mtunza nyumba, alikuwa amezinywesha bawaba mafuta mpaka zikashiba.

"Mlango unaopiga kelele mbele ya wageni ni aibu, wanangu," alisema, kikopo cha mafuta mkononi.

Bwana Pomfret, mwongozaji, akanguruma: "Tapscott! Mkanda umebaki wa mara moja tu, na jumba tunalirudisha jioni hii. Mlango usipolia, kesho urudi Grimsby ukapasue samaki kwa shemeji yako!"

Grimsby! Moyo ukamshuka Wilfred mpaka kwenye soksi. Akazivamia bawaba kwa maji ya moto, kwa sabuni, kwa siki, kwa mchanga wa bustani. Akazisihi, akazitukana, akazipulizia. Saa nne nzima alipigana, na bawaba zikamnyamazia.

Ikagonga saa kumi alasiri. Mafundi wakaweka vyombo chini, maana saa ya chai ni amri ya chama chao cha wafanyakazi. Bi. Ambler akaingia akisukuma toroli la chai, na gurudumu lake likalia: kwiiiiii! Kila alasiri lililia hivyo, wala hakuna aliyesikia, kwani Mwingereza akiona buli huwa kiziwi. Leo Wilfred alisikia, na machozi yakamtoka.

"Ole wangu, na hili nalo!" Bi. Ambler akainama na kikopo chake.

"Bibi, usithubutu!" Shujaa akajitupa sakafuni, akalikumbatia gurudumu. Kisha akawageukia mafundi, akatamka neno zito kuliko yote: "Jamani, chai ingoje dakika moja."

Chumba kizima kikaduwaa.

"Ingoje?" akauliza Stan Hoskins, msemaji wa chama. "Wilf, una akili timamu? Mabomu yalianguka, tukanywa. Paa liliruka, tukanywa!"

"Najua, Stan. Lakini shemeji yangu huniita 'Msanii' kwa kejeli mbele ya wauza samaki."

Stan naye alikuwa na shemeji. Akalitazama buli. Akamtazama Wilfred. Akaweka kikombe chini.

"Dakika moja. Na saa ninayo mimi."

Taa zikawaka. Mlango ukafunguka bila sauti. Nyuma yake Wilfred, akitembea kwa magoti, akalisukuma toroli shibiri moja. Kwiiiiii! Mwigizaji wa kike akapiga yowe la kweli, na mzuka akakimbia na shuka lake hadi jikoni.

"Kata!" akalia Pomfret. "Tapscott, huendi popote!"

Basi waandike wenye kalamu: siku hiyo wanaume kumi na tisa wa Uingereza walisimama mbele ya buli la moto, wakangoja sekunde hamsini na mbili kwa ajili ya mtu mmoja. Kikombe cha kwanza Stan alimpa yeye.

"Kunywa, Wilf," akasema. "Na usitufanyie hivyo tena."