Sifa ya Mwanangu Ikatwe Mkia

Roret,
11 Novemba 1968

Kipchirchir wangu amekuwa mwonja chai wa kiwanda!

Bwana Meneja Arasa, nisamehe, habari hiyo imenitoka kabla ya salamu. Najua wewe ndiye uliyempa kazi hiyo, lakini hii ndiyo barua yangu ya kwanza tangu aipate, na sikuweza kujizuia. Hujambo? Sisi hatujambo, na ng'ombe pia, ila mimi nina uchungu.

Najua miezi yake mitatu ya majaribio inaisha Ijumaa ya wiki ijayo, na ni wewe utasema kama atabaki au atarudi kuchuma majani pamoja nami. Kwa hivyo naandika kwa heshima kubwa. Wewe ni mtu mzuri. Watu wa hapa wote wanasema una upole mwingi, na hawakuutarajia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya mkutano wa wakulima ulisema kwenye kipaza sauti: "Huyu kijana ana pua ya ajabu. Jiko la kukaushia likivujisha moshi kidogo tu kwenye majani, yeye anaijua chai hiyo kabla haijafika mdomoni. Tushukuru nyumba ya mama yake." Bwana, nilipiga makofi kuliko wote. Nilipanda juu ya kiti. Nikaenda nyumbani nikiimba, na nilikuwa nimefika kwenye kinu cha posho ndipo maneno yenyewe yakanifikia. Nikakaa chini hapo hapo kwenye nyasi.

2. Karani wako Mokaya akanikuta hapo, akaniambia: "Usilie, mama. Kwa mtu wa darasa la tatu, umezaa kichwa." Bwana Meneja, mimi nilifika darasa la nne. Niliacha katikati kwa sababu mwalimu alihamishwa. Hesabu za kugawanya nilikuwa nimeshaziona kwa macho.

3. Nyambeki anayepanga vikombe alimwambia kijana, "Hiyo sweta inakupendeza, hata kama mkono mmoja ni mrefu." Sweta hiyo nilifuma mimi. Mkono mmoja ni mrefu kwa sababu ndio wa kushika kijiko cha moto.

4. Mnamsifu eti anatema chai vizuri, hakosi debe. Mtoto huyo nilimchapa miaka saba ili asiteme mate! Sasa wazee wa kanisa wakiniuliza anafanya kazi gani, nijibu nini? Jirani yangu Chemutai alinisaidia mbele yao wote: "Wa kwake angalau anatema kazini, wetu wanatema barabarani."

5. Hili ni kubwa kuliko yote. Tangu hotuba yako, watu wananusa nyumba yangu. Huyo Chemutai sasa anabisha hodi leso ikiwa puani. Nyumba yangu haina moshi. Ina joto. Kuta zake ni nyeusi kwa sababu ni nyumba ya siku nyingi. Kibuyu cha mursik nakisugua ndani kwa mkaa kama mama yangu alivyosugua, na maziwa yake ya mgando Kipchirchir amekunywa tangu awe na meno mawili. Kama hiyo ni aibu, basi wilaya nzima ijifiche.

Ili uamini, ni wiki mbili sasa nimezima moto wa ndani. Napika nje, na mvua ikinyesha navaa karai kichwani. Dirisha ambalo baba Kipchirchir alilipigilia misumari mwaka wa uhuru, nimelifungua. Kuta nimepaka chokaa. Nimefua blanketi zote na koti la kijana.

Kwa hivyo naomba usimame tena kwenye kipaza sauti, useme sifa ile ile, ukomee kwenye neno "ajabu". Mokaya naye aseme "la nne" kwa sauti. Halafu utume mtu mwenye pua nzuri aje anuse nyumba yangu, aniandikie cheti nitakachotundika mlangoni. Mwenye pua nzuri kuliko wote ni Kipchirchir, lakini watu watasema ni upendeleo.

Nisalimie wapima majani, wachochea jiko, Nyambeki pia, na mama wa nyumbani kwako, ambaye nasikia anapika vizuri siku hizi.

Ni mimi mama yake,
Rebeccah Chepkemboi

N.B. Nilikuwa nimeshalamba bahasha Kipchirchir akaingia, akakaa, akakataa chakula. Kumbe tangu wiki jana chai ya moshi inampita. Leo Nyambeki ameinusa kabla yake! Ameniambia, "Mama, pua yangu imekuwa kama ya watu." Bwana Meneja, nakusihi, usiandike kitu kwenye faili yake. Moto nimeuwasha ndani sasa hivi, kuni mbichi. Dirisha nimelipigilia tena. Yeye nimemketisha karibu kabisa, na kikohozi kimeanza vizuri. Sifa yako iache na mkia wake, na ukiweza uurefushe. Nipe mpaka hiyo Ijumaa tu. Karamu ya kumpongeza iko pale pale: njoo wewe, Mokaya, Nyambeki na kiwanda kizima, kila mtu na leso yake ya kupangusa macho, hapa kwangu, ndani, Jumamosi tarehe 23 Novemba.