Kisanduku cha Nishani ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nina hasira tangu asubuhi. Sababu ni mtu mmoja: shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayebeba kalamu tatu mfukoni na hajawahi kuandika hata barua. Leo mama mkwe alituita sebuleni kwake, akaweka mezani nishani ya marehemu mumewe, aliyekuwa zimamoto. Fedha tupu! Utepe wa bluu, pete ndogo juu. Mimi naitaka. Kalamu Tatu naye anaitaka. Mama amesema amechoka na kelele zetu. Marehemu alipotunukiwa, nishani ilikuja na kisanduku chake. Atakayemletea kisanduku hicho Jumapili, nishani ni yake. Fundi saa wa sokoni ndiye atakayeamua.

Nikauliza kiko wapi. Akajibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nikainama! Vitanda vyote vitatu. Chini ya kile cha tatu nikakutana uso kwa uso na Kalamu Tatu, tukagongana vichwa. Mimi nina nundu. Yeye hana. Hata hilo ni dhuluma.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwendea fundi saa, ambaye lenzi haimtoki jichoni hata akila. Nimemuuliza kisirisiri kisanduku halisi hujulikanaje. Kwanza, jina la mtengenezaji ndani ya kifuniko. Pili, bawaba. Tatu, na hilo ndilo kubwa, kivuli. Nishani ikilala miaka juu ya mahameli, kile kitambaa laini cha ndani, huacha alama ya umbo lake, pamoja na pete yake. Alama hiyo haidanganyi. Akaongeza kwamba Kalamu Tatu alimuuliza hayohayo jana. Mtu mzima, anatafuta njia ya kughushi! Nyani haoni kundule.

Nitatengeneza changu. Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu, mwaka wa ishirini huu. Ngozi ninayo, gundi ninayo. Nimepungukiwa mahameli iliyozeeka tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimechemsha mahameli mpya kwenye chai ili izeeke. Imetoka kama panya aliyenyeshewa. Nimemgombeza mke wangu kwa kununua chai kali. Akaniuliza mbona simuulizi yeye habari za kisanduku, kwani amekulia nyumba ile. Nikamwambia haya ni mambo ya wataalamu. Akacheka. Kicheko chake kinanikata maini.

Alhamisi, 6 Machi

Bahati! Nilikwenda kumjulia hali mama mkwe, kifungo cha shati kikakatika. Akanitolea sindano kutoka kwenye kijisanduku chake cha vifungo, kile kinachokaa juu ya meza siku zote. Kikuukuu, ngozi imechubuka, bawaba inalia. Ndani, mahameli nyekundu, imezeeka vizuri kabisa! Alipoingia jikoni nilimwaga vifungo kwenye bakuli, kijisanduku nikakitia mfukoni. Atadhani amekipoteza mwenyewe.

Nimekwenda nacho kazini, nikaibandua mahameli. Balaa! Katikati ina doa la mviringo, na kidoa kingine kidogo juu yake. Vifungo vyake hivyo! Mama huyu hatunzi vitu kabisa. Nimelipiga brashi. Nimelitia mvuke wa birika. Nimelisugua kwa ndimu mpaka kiganja kikaniwasha. Halitoki! Mbao za kijisanduku nimechochelea jiko, angalau zifae kitu. Kifuniko kilikuwa na maandishi ya dhahabu yaliyofifia. Sikuyasoma. Nilikuwa na hasira.

Ijumaa, 7 Machi

Mahameli nimeibandika ndani ya kisanduku changu kipya. Nishani anayo mama, kwa hiyo kivuli nimekitengeneza kwa kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi. Nimekipasha moto, nikakikandamiza. Nikaanika juani. Kuku wa jirani akaja kudonoa. Nimemfukuza kuku, kisha nimemfukuza jirani aliyekuja kumtetea kuku.

Jumapili, 9 Machi

Leo hasira imezidi ya Jumatatu.

Kalamu Tatu alitangulia. Kisanduku chake kilinukia marashi, na ndani ya kifuniko kumeandikwa kwamba ni zawadi kwa kipenzi cha roho. Mkewe, aliyekuwa ameketi pembeni, akauliza kipenzi gani. Mambo yake yakaishia hapo. Nilicheka mpaka machozi.

Zamu yangu. Fundi saa akaisifu ngozi. Akainamisha lenzi. Akakigeuza kisanduku kwenye mwanga. Kisha akasema anaona vivuli viwili. Kimoja ni cha kifuniko cha chupa, hata meno yake yanahesabika. Cha pili kilikuwa lile doa. Akaichukua nishani, akailaza juu yake. Ikaenea sawasawa, pete juu ya kidoa. Akasema mahameli ni yenyewe, kisanduku sicho. Chenyewe kiko wapi?

Mama mkwe akaipapasa mahameli kwa kidole kimoja. Akasema hii ni ya kijisanduku chake cha vifungo. Vifungo vya sare ya marehemu. Alikiacha mezani siku zote, mbele ya macho yetu. Akaniuliza mbao ziko wapi.

Nikasema nimechemshia maji.

Mumewe alizima moto wa watu miaka thelathini, mkwewe amekitia kisanduku chake motoni. Hakusema hayo. Alilia tu, taratibu, kiganja juu ya ile mahameli. Bora angenitukana. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nishani akampa mke wangu, ambaye alikijua kile kijisanduku tangu utotoni. Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba yeye si mtaalamu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefikiri sana. Kosa si langu. Kosa ni la anayeweka vifungo mahali pa nishani!

Sasa mke wangu ameitia nishani kwenye soksi, akaifungia kabatini, ufunguo ameuvaa shingoni. Soksi! Nishani ya zimamoto! Haifai. Nitaitengenezea kisanduku cha heshima, na mama atanisamehe. Ngozi ninayo, gundi ninayo. Mahameli ndiyo tatizo, lakini pale kwa fundi saa, kwenye rafu ya juu, nimeona kisanduku cha saa ya marehemu baba yake. Mahameli ya kijani, imezeeka vizuri kabisa. Katikati ina doa la mviringo, ila safari hii nimejiandaa. Nimenunua ndimu sita.