Malalamiko Yangu Dhidi ya Huduma Nzuri

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo nimepata wazo. La kwanza tangu msiba.

Nilikuwa napanda ngazi na mkate mkononi. Jirani wa ghorofa ya juu, mwalimu mstaafu, akanizuia anitapikie hasira zake. Kampuni yake ya intaneti imemuumbua. Alikana katakata kwamba aliwahi kukubali kifurushi kikubwa. Wakamwita ofisini, wakamsikilizisha sauti yake mwenyewe akikubali, tena akishukuru! Kumbe kampuni hizi zote, kila simu wanairekodi. Wanaitunza miezi sita, kisha wanaifuta.

Yeye alikuwa anaona aibu. Mimi nilikuwa nahesabu miezi.

Simu hii inarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma. Maneno hayo nimeyasikia mara ngapi, nayo yakapita tu! Mke wangu alikuwa akiipigia kampuni yetu ya intaneti. Mara ya mwisho ilikuwa mwishoni mwa Aprili, akiwa jikoni, mlango kaurudisha. Mambo ya malipo, nadhani. Hayo yalikuwa yake; yangu ilikuwa kuitengeneza intaneti ikikatika: ruta, kile kisanduku chenye taa, naipiga ubavuni, naizungusha polepole kuelekea dirishani, inarudi. Mei akaondoka, ghafla, kikombe chake hata hakijaoshwa.

Picha ninazo. Sauti sina. Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia wiki ya mazishi, nami nikaifungua kwa bisibisi niitengeneze. Haikuwaka tena. Fundi wa simu akauliza nani kaifanyia unyama huu. Nikasema watoto. Hatukujaliwa watoto.

Kwa hiyo ninazo siku hizi tu, mpaka mwezi uishe.

Shemeji, mdogo wa mke wangu, ambaye tangu mazishi bado yuko hapa akinitazama kama sufuria itakayofurika, anasema piga simu, waombe. Kuomba! Nimetunza stoo ya kiwanda mpaka nikastaafu. Anayeomba ufagio huambiwa arudi kesho. Anayelalamika kwamba kapewa ufagio mbovu hupewa mpya, na samahani juu yake.

Nitadai kitu. Watanibishia. Nami nitakaza. Watalazimika kuifungua rekodi ili waniaibishe. Laiti wangeniaibisha upesi!

Jumanne, 15 Oktoba

Balaa.

Katika kampuni yetu kila mteja ana mtu wake wa kumhudumia. Wa kwetu ni binti mmoja mwenye sauti ya mafua. Nikamwambia kwa ukali kwamba waliwahi kumwahidi marehemu mke wangu kasi maradufu kwa bei ileile. Uongo mtupu. Nikasubiri abishe.

Akasema pole sana, mzee wangu, sikujua kwamba mama ametutoka. Kisha akasema kama iliahidiwa, itatimizwa. Chai yangu haijapoa, kasi imeshaongezeka.

Nikamuuliza, kwani hutaki kuhakikisha? Hutaki kusikiliza simu zake? Akasema, mzee, kwa nini uniongopee?

Masikio yakaniwaka moto. Shemeji kakaa sebuleni anatazama video za mapishi bila hata kukwama. Anasema mpango wangu ni mzuri sana, niendelee.

Jumatano, 16 Oktoba

Mpango wa pili. Kumshtaki fundi wao kwamba alimjibu mke wangu vibaya kwenye simu. Lazima wachunguze!

Nikaanza vizuri. Nikasema nina malalamiko mazito. Binti akasema ananisikiliza, nitaje. Hapo nikaiona akilini ile soksi ya fundi, iliyotoboka kidole gumba, alivyokuwa akivua viatu mlangoni kwetu bila kuambiwa. Mke wangu alitaka kumshonea. Nikafikiri, huyu akifukuzwa kazi je? Nikajikuta nasema kwamba lalamiko langu ni kuwa hawamthamini vya kutosha.

Alasiri fundi kaja mwenyewe kushukuru. Ameandikiwa sifa. Akavua viatu, akafunga nyaya zetu vizuri ukutani, akauliza mama yuko wapi. Hakuwa amepata habari. Akakaa kwenye ngazi muda mrefu, viatu mkononi.

Soksi ni ileile.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimekwenda kwa jirani kumuuliza inakuwaje mtu asiaminiwe. Akanuna, akidhani namsimanga. Yeye intaneti yake inakatika kila mvua ikinyesha, na akipiga simu hupigiwa muziki mpaka salio liishe. Kuna watu wana bahati! Alipoona nia yangu ni njema akanipa siri: wapigie kelele, hawapendi kelele, watakupeleka kwa mkubwa, na mkubwa haamini mtu.

Nikapiga kelele. Sijapiga kelele tangu ujana. Sauti ikapasuka katikati kama ya jogoo mchanga. Shemeji akaja mbio na mwiko, akidhani nimeanguka bafuni.

Binti akaniacha nimalize. Kisha akauliza taratibu kama leo nimekula.

Nilikuwa sijala.

Ijumaa, 18 Oktoba

Ushindi!

Usingizi ulikataa, ndipo nikaiona njia. Nilikuwa nadai vitu, nao wananipa. Dawa ya mtu mkarimu si kumdai. Dawa yake ni kumkana. Nikapiga asubuhi, nikasema mke wangu hajawahi kuwapigia simu hata mara moja, na anayesema alipiga ni mwongo.

Nikasikia anavuta kamasi. Akasema, mzee, mama alikuwa akinipigia. Namkumbuka.

Thibitisha! nikasema. Thibitisha!

Akasema atazungumza na mkuu wake. Baada ya muda akanipigia: nije ofisini Jumatatu, nisikilize mwenyewe.

Nimemwambia shemeji, unaona? Mtu hapewi anachoomba, hupewa anachong'ang'ania. Shemeji akasema, shemeji yangu, huyo mtoto ameshakujua tangu siku ya kwanza unatafuta nini, anakutunzia heshima tu. Wivu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nilivaa koti la kijivu. Mke wangu ndiye aliyelipiga pasi mara ya mwisho, na sijaruhusu mtu alirudie. Mkunjo wa mkono wa kushoto kaukosea kidogo. Huo ndio wake.

Ofisi ndogo, safi. Binti ni mfupi kuliko sauti yake. Akanikalisha kwenye chumba cha kioo, akaniwekea maji, akanivisha vile vya kusikilizia masikioni kama mtu anayemvika mtoto kofia. Yeye akabaki amesimama.

Alikuwa yeye, mke wangu.

Ananong'ona. Nyuma yake maji yanachemka; sufuria yetu naijua. Anasema: "Mwanangu, ni mimi tena. Ameipiga tena ruta ubavuni. Hebu niwashie kutoka huko, lakini polepole, usiwahishe. Bado hajafika dirishani. Akidhani ni yeye kaitengeneza, atakula vizuri leo."

Binti kwenye rekodi anacheka. Anamuuliza, mama, kwa nini usimwambie tu?

Mke wangu naye anacheka. Kicheko kile cha kuziba mdomo na ncha ya kitenge. Anasema: "Nimwambie? Mwanangu, yule mtu wangu, unajua kwa nini..."

Na hapo, kutoka sebuleni, kwa sauti ya kufukuza ndege shambani, mimi: "IMERUDI! NIMEITENGENEZA! NJOO UONE!"

Chini ya sauti yangu yeye anaendelea kusema. Unasikia kwamba anasema. Husikii anachosema. Ninapomaliza kujisifu, ameshaaga.

Nikaomba kurudia. Mara ya pili nilipiga kelele zaidi, naapa.

Kunipa niondoke nayo haiwezekani, sheria zao. Mwisho wa mwezi inafutwa pamoja na nyingine. Binti alinisindikiza mpaka barabarani, macho mekundu. Mafua yake hayajapona. Akasema, mzee, kama kuna jambo lolote unataka kuniuliza, lolote kabisa, niulize.

Nikasema hakuna. Nikamshukuru.

Nimerudi kwa miguu. Kuhusu ile habari ya kuwasha kutoka huko, nimeitafakari njia nzima. Marehemu alikuwa na huruma, aliwapa watu sifa zisizo zao. Dirisha ni dirisha.

Jumatano, 23 Oktoba

Jana sikuandika. Hakukuwa na la kuandika.

Leo shemeji kaketi mbele yangu, kaweka mikono mezani. Anasema: yule binti ndiye aliyekuwa upande wa pili wa simu. Yeye alikuwa na dada yangu sikioni, wewe ulikuwa mbali sebuleni. Alisikia. Muulize, shemeji. Neno moja tu, muulize.

Nikamwonea huruma. Ndiyo maana hajawahi kuongoza stoo.

Nimeshapata mpango. Kesho nitawapelekea malalamiko kwamba sauti yangu ilirekodiwa bila ridhaa yangu. Mimi sikuwa nimepiga simu, nilikuwa napita tu! Nitawataka waiondoe, ya kwangu peke yake, ya mke wangu waiache ilivyo. Wakikataa nitakaza. Siku bado zipo.

Wakati naandika haya intaneti ikakatika. Sikuhangaika. Nikaipiga ruta ubavuni, nikaizungusha taratibu kuelekea dirishani, nikangoja. Taa moja, kisha ya pili, kisha zote.

Nikapaza sauti nyumba nzima isikie: Imerudi! Nimeitengeneza!

Shemeji alikuwa jikoni, mlango kaurudisha, ananong'ona na simu. Mambo ya malipo, nadhani.