Pijo Nyeusi Isiyopitwa

Jumanne, 8 Agosti 1972

Baba amekubali! Mzee Mburu mwenyewe, mtu ambaye akinipa ufunguo wa ghala hunifuata nyuma. Ameniambia niteremke Nakuru nitafute gari ya kubeba maziwa. Yeye ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha maziwa, na amewaahidi majirani wote kwamba kuanzia Jumatatu ya tarehe 21 punda watapumzika. Maziwa yakienda kwa punda hufika Molo yameshaganda.

Masharti yake: bei ndogo, na ipande kilima chetu wakati wa matope. Nikileta upuuzi narudi zizini kukamua, na sitashika usukani hata wa baiskeli. Alisema haya mbele ya mama. Nilishtuka. Nina miaka ishirini na saba!

Kuna jambo hakuuliza, nami sikumwambia. Jumapili ya tarehe 20 kuna mbio za magari Nakuru. Mwenye gari yoyote na kofia ngumu anaruhusiwa. Dilip, mtoto wa Mzee Dhirajlal wa duka la spea, ana Escort. Mwaka jana alinirushia vumbi nimesimama kando ya kamba na suti ya kanisani, kisha akanipungia mkono. Kunipungia! Basi gari moja, kazi mbili. Jumapili Dilip, Jumatatu maziwa.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimefikia kwa Wachuka, binti ya shangazi, hapa mtaa wa Bondeni, Nakuru. Nimeanza kutafuta.

Sheria yangu ni moja tu: magurudumu ya nyuma ndiyo yasukume. Mkokoteni huvutwa, gari husukumwa. Gari inayovutwa na magurudumu ya mbele haina adabu kwenye kona. Wewe unakata kushoto, yenyewe inaendelea na safari yake. Na kwenye kilima, ukiipakia mzigo nyuma, ya mbele inabaki kukwaruza matope kama kuku. Kwa hiyo hata baba nina la kumwambia.

Anglia ya mwalimu mmoja wa Njoro: propela, ule mhimili wa chini unaozungusha magurudumu ya nyuma, ipo; sakafu haipo. Niliona barabara kati ya miguu yangu! Mwalimu akasema ni hewa safi. Mini: inalia vizuri ajabu, kidogo nitoe pesa. Nikapiga magoti nichungulie chini. Hakuna propela! Inavutwa kwa mbele! Nilibaki pale chini mdomo wazi mpaka mwenyewe akauliza kama ninaomba. Datsun: propela, sakafu, kila kitu. Kwa bei yake ningeuza ng'ombe wote wa baba, pamoja na baba.

Jumamosi, 12 Agosti

Nimepata! Nimepata!

Yadi ya Gurdial Singh, nyuma ya reli. Pijo 404, stesheni wagoni, nyeusi tititi, imeng'arishwa mtu anaweza kunyolea ndevu. Nikaingia chini. Propela nene kama mkono wangu. Nikauliza bei. Nusu ya ile Anglia! Nilishtuka nikakohoa.

Gurdial alianza kuniambia gari ilikuwa ya nani na ilifanya kazi gani. Nikamkata. Akaanza tena, nikamkata tena. Mnunuzi mjinga husikiliza historia, na historia huongeza bei. Nikamwambia sitaki hadithi, nataka funguo. Akatazama juu, akanipa funguo. Alisema tu kwamba abiria wake hawakulalamika hata siku moja. Si ajabu, viti vya Pijo vinasifiwa.

Na nyuma je! Sakafu ndefu, reli mbili za chuma, na vigurudumu vidogo. Unaweka kitu mlangoni, unasukuma, kinateleza chenyewe hadi mbele. Yaani mtu alikaa akafikiria mikebe ya baba! Madirishani kuna vipazia vya zambarau. Vitakinga maziwa na jua.

Jumatano, 16 Agosti

Mazoezi. Ikipita maili thelathini inalalamika kidogo. Imezoea mwendo wa pole. Nitaizoesha.

Lakini watu wa Nakuru wana heshima, jamani! Nilipita karibu na soko, mikokoteni yote ikapanda kando. Askari wa barabarani alisimamisha magari ya pande zote, akanipigia saluti. Saluti! Mimi Hiram! Mama mmoja aliweka chini kikapu chake cha viazi akainamisha kichwa. Kule kwetu hata mbwa hanipishi. Kumbe mtu ni gari.

Wachuka peke yake ndiye ana roho mbaya. Ilikuwa inanyesha, nikampa lifti, akakataa. Akatembea na mvua. Jioni akasema kuna jambo anataka kuniambia kuhusu hiyo gari. Nikamwambia wivu ni ugonjwa.

Jumamosi, 19 Agosti

Nimeandikisha jina. Karani aliangalia gari dirishani, akaniangalia mimi, akauliza kama nina hakika. Dilip naye alikuja. Akasimama mbele ya Pijo, rangi yote ikamtoka usoni. Akageuka, akaenda zake. Ameogopa, na sijawasha hata injini!

Nimempelekea baba ujumbe kwamba gari iko kwa fundi, breki zinakazwa. Uongo mdogo. Kesho kutwa asubuhi nitakuwa mlangoni.

Jumapili, 20 Agosti

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Magari tisa. Bendera ikashuka nikatoka wa mwisho, kwa sababu gia ya kwanza iligoma. Vumbi tupu. Sioni mbele. Nikawasha taa.

Hapo maajabu yakaanza. Aliyekuwa mbele yangu aliona taa zangu kwenye kioo, akasogea kando. Wa pili akasogea. Wa tatu karibu aingie kwenye nyasi kwa haraka ya kunipisha! Kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha nilikuwa nyuma ya Dilip. Naye akakata kando. Dilip! Akanipisha!

Nikatazama kioo. Wote wanane wamejipanga nyuma yangu, mstari mmoja, taa zimewashwa, mwendo wa pole. Hakuna anayejaribu kupita. Nikakata kona upana wote, mkia ukateleza kidogo vile ninavyopenda, na bado hakuna. Nikatazama watazamaji. Wamesimama. Wanaume wameshika kofia kifuani. Upande wa miti kina mama wakaanza kuimba. Wimbo ulikuwa wa taratibu mno, lakini kila kabila lina namna yake ya kushangilia. Machozi yalinitoka.

Nikamaliza wa kwanza. Mwenye bendera hakuipunga, aliiinamisha. Nikashuka nimenyoosha mikono. Hakuna aliyepiga makofi! Kisha Dilip akaja, kofia mkononi, akasema polepole:

"Hiram, hii gari ndiyo ilibeba babu yangu siku ya mwisho. Nitapita yeye namna gani?"

Sikuelewa. Akanieleza. Ni gari ya lile duka la majeneza la hapa Bondeni. Miaka sita imebeba maiti wa Nakuru nzima, Wahindi, Wakikuyu, Wakalenjin, na hakuna mtu mjini asiyeijua. Zile reli ni za jeneza. Abiria wasiolalamika, woi!

Niliketi chini kwenye vumbi. Nimelala ndani yake usiku mbili ili isiibwe! Nimelala kwenye zile reli, na usingizi ulikuwa mtamu!

Kamati imekataa kunipa kikombe. Wamesema hayakuwa mashindano, yalikuwa mazishi. Nikawaambia wa kwanza ni wa kwanza. Wakanipa pole.

Jumatatu, 21 Agosti

Nimefika nyumbani alfajiri. Njiani nilijiambia Molo ni mbali na Nakuru, nani ataijua?

Wote waliijua. Majirani walikuwa wamepanga mikebe langoni, wamevaa vizuri, baba katikati na koti lake la mwenyekiti. Pijo ikatokea kwenye kona. Mama Jepchumba, jirani wa chini, akashika kichwa. Gari hii ndiyo ilimleta mama mkwe wake Desemba. Akachukua mkebe wake akarudi nao. Wengine wakamfuata. Nikawaambia imeoshwa. Nikawaambia propela iko nyuma, itapanda kilima. Mzee mmoja akauliza ni nani atakunywa chai ya maziwa hayo, nianze mimi.

Punda walikuwa wameshafunguliwa kwenda malishoni. Walipokusanywa jua lilikuwa juu, na maziwa yote yakaganda. Yote! Baba alibaki amesimama langoni peke yake. Hakunipiga, hakunitukana. Alivua koti akalikunja. Nilitamani anitukane.

Niko zizini. Ng'ombe wa kwanza amenipiga teke.

Alhamisi, 24 Agosti

Mshtuko mwingine! Mzee Kiprugut wa Keringet amefariki hospitalini Nakuru. Mwanawe, Kipsang, alikuja kwa baba na kofia mkononi. Keringet ni mbali, na ile gari ndogo waliyoikodi imekataa barabara ya matope. Alisikia tuna gari inayofaa.

Baba alifikiri sana. Kisha akaniita kutoka zizini. Amesema Pijo itafanya kazi inayoijua, na nitaendesha mimi kwa sababu hakuna mtu mwingine anayekubali kuketi ndani. Amesema majirani wakiona tumemzika mzee wa watu kwa heshima, huenda wakamsamehe na kumwachia kiti cha mwenyekiti. Akanishika bega. "Polepole, Hiram. Neno ni hilo moja tu."

Nimeapa. Nimeshika Biblia ya mama.

Jumamosi, 26 Agosti

Tumemzika Mzee Kiprugut. Alale pema.

Nilianza vizuri. Maili ishirini kwa saa, taa zimewashwa, lori la waombolezaji nyuma, baba ameketi mbele karibu na dereva. Baada ya Molo lami ikaisha. Matope. Pijo inapanda kama mbuzi, na mzee kule nyuma ameyakalisha magurudumu chini kabisa. Sijawahi kuona gari inashika barabara vile! Mguu ukaongeza kidogo wenyewe.

Mara nasikia honi. Natazama kioo. Lori! Linapiga honi, linamulika taa, mtu ametoa mkono dirishani anapunga kwa nguvu. Nilishtuka. Wanataka kunipita! Mimi, na marehemu garini!

Nikakanyaga. Kona ya kwanza mkia ukateleza, nikaurudisha. Ya pili vilevile. Reli hazikuachia jeneza hata inchi moja. Lori likapiga honi mpaka honi ikaisha sauti, na dereva wake hana mchezo, alinifuata hadi daraja la pili. Baada ya hapo sikumwona tena.

Tulifika Keringet watu bado wanachimba kaburi. Lori lilipofika, chai ilikuwa imeshapoa. Dirisha la baba lilikuwa wazi; alishuka akiwa na matope hadi kwenye ndevu, koti mkononi, na mpaka sasa hajasema nami. Kipsang amesema mengi kwa niaba yake.

Waseme. Jumapili ya mbio kamati ilidai nilipishwa. Leo hakuna aliyenipisha.