Uso wa Pembeni Kwenye Picha ya Bwana Pettifer

Bibi Gudge, muuza chaza wa mkabala na duka la picha, anaapa kwamba alimwona Bwana Pettifer, mwenye benki, akimkimbiza mwizi mtaa mzima bila wigi, na wigi lenyewe likija nyuma kwa mwendo wake. Anaapa pia kwamba mwizi alikuwa na bastola. Kila akisimulia, bastola zinaongezeka. Sisi majirani tunamwachia, kwa sababu ukimkatisha anakutilia chaza zilizooza. Lakini mambo hayakuwa hivyo.

Kwanza, mwizi hakuwa mwizi. Alikuwa Barnaby Thripp, na kwake kuiba kulikuwa kazi ya watu wasio na mdomo. Yeye aliongea tu, nawe ukampa mwenyewe. Juu ya ulimi huo Mungu akamjalia uso usiokumbukwa na mtu: pua ya kawaida, macho ya kawaida, kidevu kama cha kuazima. Aliwahi kumuuzia kinyozi farasi asiyekuwepo, kisha akarudi kunyolewa palepale, akamsikiliza kinyozi akimlaani tapeli, akampa pole. Uso ule ndio uliokuwa shamba lake.

Asubuhi moja alisimama kwenye dirisha la Dorcas Venn, mjane anayechora picha za kejeli kwenye bamba la shaba na kuzichapa. London mtu hahitaji kununua picha ili aicheke. Zinabandikwa kwenye kioo, watu wanajazana njiani, mikokoteni haipiti. Siku hiyo walikuwemo mawaziri wakigombania pai, madalali wa hisa wakipuliza mapovu ya sabuni, na Cobbold, mwenye benki mwingine, akitapika noti. Katikati ya vicheko, Thripp akamwona Bwana Pettifer akichungulia picha moja baada ya nyingine, halafu akashusha pumzi kama mtu anayetoka mazikoni.

"Huyu anaogopa kuchorwa," Thripp akajiambia. Mate yakamjaa. Wakubwa hulipa vizuri ili wasionekane dirishani.

Akaingia dukani.

"Dada Dorcas, ua la mtaa huu!"

"Nunua au toka, unanizibia mwanga."

"Nichoree Pettifer. Tumbo kama pipa, noti zikimtoka masikioni. Nampelekea, ananunua bamba lako la shaba ili lisichapwe tena, sisi tunagawana nusu kwa nusu."

"Nusu yangu naiona lini?"

"Siku hiyohiyo! Nikikudanganya, nife hapa nilipo."

"Usife hapa, kuna wateja." Dorcas akainamia shaba yake, akakwaruza tumbo, akakwaruza noti. "Pembeni nataka mtu anayemsifia huku akimchomolea pesa mfukoni. Nimchore nani?"

"Yeyote."

Dorcas akamtazama. Akamtazama sana. "Hebu sogea kwenye mwanga. Geuza kidevu. Tabasamu... hapana, lile la uongo. Hilohilo."

Thripp akajua amependwa. Akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Mwanamume akitazamwa muda mrefu na mwanamke, akili humtoka hata kama ndiyo inayomlisha. Picha akakabidhiwa imekunjwa, wino haujakauka vizuri, naye akaondoka nayo mbio bila kuifungua.

Kwa Pettifer alifika na sura ya msiba.

"Bwana mkubwa, moyo unaniuma kukuletea jambo hili. Kesho litakuwa dirishani. Ila mwenye duka ananisikiliza. Kwa gini hamsini za dhahabu..."

Pettifer akakunjua karatasi. Chozi likadondokea tumbo lake la wino.

"Susannah!" akapiga ukelele. "Mke wangu, njoo! Nimechorwa!"

Bi Susannah akashuka ngazi na nywele zimetiwa poda upande mmoja tu. "Wewe? Acha utani! Lete nione. Ee Mungu wangu, tumbo ni lako kabisa! Cobbold kachorwa mara mbili, na mkewe kanisani ananitazama kama mfagizi. Nani ataweka akiba yake kwa mtu asiyefaa hata kuchekwa?"

"Hamsini za kuibandika," Pettifer akauliza huku akifuta macho, "ni kwa dirisha moja, au yote?"

Thripp alikuwa hajawahi kukosa neno maishani. Akalitafuta, akalipata. "Yote, bwana."

Akapewa mfuko wa dhahabu, akatoka kabla furaha haijapoa.

Hajafika kona, akasikia viatu nyuma. "Wewe! Simama! Simama!" Pettifer alitaka tu kusema koti lake pichani lipakwe rangi ya buluu. Lakini miguu ya Thripp ilikuwa imelisikia neno hilo mara nyingi, na haikuwahi kusubiri maelezo. Ikakimbia. Mfuko ukamgonga paja. Akawaza: nikikamatwa nao, nanyongwa, nikikamatwa bila huo, natukanwa tu. Akautupa nyuma ya mapipa ya chaza, akayeyukia uchochoroni.

Bibi Gudge anasema hakukuwa na mfuko wowote. Anayasema hayo akiwa amevaa kofia mpya yenye manyoya ya mbuni.

Pettifer akafika dukani kwa Dorcas anahema, akaagiza picha za kujaza madirisha yote ya mji, na buluu yake akalipia. Wiki haikuisha, watu walikuwa wamepanga foleni benki kwake kuweka akiba. Na pembeni ya kila picha, wazi kama jua, kidevu cha Thripp.

Alijaribu kumuuzia mjane mmoja hisa za mfereji wa mashua ambao haujachimbwa. "Ngoja," akasema mjane, "nimekuona wapi? Wee Martha, njoo! Yule wa pembeni!" Alikwenda kunyolewa. Kinyozi alikuwa ameibandika picha juu ya kioo. Akaitazama picha, akautazama uso, akautazama wembe. Thripp alitoka na povu kwenye shavu moja.

Hivyohivyo alivyo, akaingia kwa Dorcas.

"Dada, umeniua. Uso huu ndio riziki yangu!"

"Kwani nimekosea wapi? Umefanana. Na nusu yangu iko wapi?"

Thripp akajifuta povu kwa kiganja. "Nitie ndevu. Ndevu tu, dada, ni mikwaruzo michache kwenye shaba. Basi kofia. Kofia ya kushuka mpaka puani. Dada Dorcas, nakuomba, nifute."

Dorcas akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, akaikamua ukingoni mwa kikombe, akavuta karatasi iliyofuata, akaanza na pua ya yule wa pembeni.