Bakteria Aliyeacha Kula Akanenepa

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, na baada ya kutafakari sana, nakutaarifu kwamba bakteria wetu ameacha kula. Usishtuke, hajafa. Ananenepa.

Nazungumzia yule wa kwenye kompyuta, uliyetuagiza tumuunde kwa kuunganisha kanzidata mbili za kemikali za seli: yangu, na ya dada wa meza ya dirishani. Dada huyo tunamwita Mama Mizani, maana hakubali mmenyuko wowote wa kemikali mpaka pande zake mbili zilingane. Ulisema kazi ikiisha atabaki mtunzaji mmoja wa kanzidata, mwingine ahamie ghala la vifaa. Ndiyo maana nalazimika kumlalamikia.

1. Sukari moja ilitufikia na majina matano, kama tapeli. Nilishauri tuyaache yote, kila mtu aite apendavyo. Yeye akayasweka chini ya namba moja.

2. Maji ya ndani ya seli na ya nje anayaandika mbali mbali. Nilimwambia maji ni maji. Akanijibu, "Kaka, basi leo kunywa ya ndoo ya deki." Walicheka wote, hata mlinzi aliyekuwa nje.

3. Bakteria alipoanza kukua bila kupewa chembe ya chakula, mimi niliona muujiza, yeye akaona kosa. Anadai mmenyuko mmoja umeingia mara mbili, wangu ukienda na wake ukirudi, basi nishati inazunguka humo na kuzaliana bure. Anataka kufuta mmoja. Wa nani, hasemi.

4. Tungemwacha bakteria huyu aendelee, na sisi watumishi tungejifunza kwake. Kantini ingefungwa, mashamba yangepumzika, na mama mkwe wangu asingepata tena pa kuhesabia matonge yangu. Haya yote dada huyu anayazuia.

Naomba ahamishiwe ghalani yeye, ikiwezekana kabla hajafika kwenye kitufe cha kufuta.

Nisalimie wote ofisini kwako, pamoja na katibu wako anayesema barua zangu humwondolea usingizi.

Wako mtiifu,
Mtunzaji wa meza ya mlangoni

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nimechungulia kompyuta. Ukweli ni kwamba mshale wa mmenyuko uliokwenda kinyume ni wangu; niliuchora huku naongea na simu. Mama Mizani ameshaugeuza. Kisha amefuta mmenyuko mmoja, wa kwake, akabakiza wenye namba yangu. Aliponiona nimeduwaa akasema, "Wako una maelezo mazuri zaidi, kaka." Bakteria anakula vizuri. Ghalani nipeleke mimi.