Stika za Wazungu, Beji za Madereva

Dishon hakuwa amelipia samaki aliyekuwa anamla. Alikuwa amekaa meza moja na fundi wa maboti pale ufuo wa Dunga, Kisumu, akamsimulia habari ndefu ya kontena la injini lililokwama bandarini, mpaka fundi mwenyewe akaona aibu kuagiza samaki, ngege, wa mtu mmoja. Hivyo ndivyo Dishon alivyokula siku nyingi. Tusimhukumu haraka. Kuna watu wanaoishi kwa mshahara na kuna wanaoishi kwa mdomo, na hawa wa mdomo hawana likizo wala pensheni.

Nyuma yake walikaa wazungu wawili, mama mnene wa miaka sitini na kitu na mzee mwembamba aliyeungua pua. Walikuwa wanalalamika. Dishon hakuwageukia, ila sikio lilihamia meza yao bila kuomba ruhusa.

Wazungu hao walikuwa wa kisiwa cha Rusinga. Wao na wenzao waliojenga nyumba ufuoni walikuwa wamenunua vani moja ya pamoja, wakawa wanapokea wageni wao kwenye feri ya Mbita na kuwavusha daraja hadi kisiwani, bure kabisa. Madereva wa teksi wa steji ya Mbita, ambao ugali wao ulitoka kwa wageni haohao, wakapanga mawe darajani. Teksi ikifika, mawe yanasogezwa. Vani ikifika, yanarudishwa. Chifu aliita baraza, baraza likaisha kwa matusi ya lugha nne. Sasa wageni wanavuka daraja kwa miguu wakiburuta masanduku, vani haitembei, teksi zimesusiwa, na hakuna anayemsemesha mwenzake.

Dishon akaacha kutafuna. Pande mbili zina kitu mfukoni na hazisalimiani! Mtu wa kazi yake anaweza kungoja miaka kumi asipate bahati ya namna hiyo.

Na bahati aliihitaji kweli. Mpenzi wake, Caren wa Nyamasaria, alikuwa amemsubiri miaka minne, na baba yake alikuwa amechoka. Mzee alitoa neno la mwisho: Jumapili ya mwisho wa mwezi Dishon afike na mahari, ng'ombe sita ama thamani yake, la sivyo Caren ataolewa na mwalimu mmoja wa Ahero ambaye tayari ameshaanza kumwita huyo mzee baba mkwe. Dishon alikuwa mwongo katika mambo yote isipokuwa moja. Alimpenda Caren kweli, mpaka usingizi ukamtoka.

Jumatano alivuka na feri akiwa na Toyota Noah yake nyeupe, koti la buluu, na kadi zilizoandikwa "Mshauri wa Amani na Usafiri, Kanda ya Ziwa". Alianza na wazungu. Yule mama mnene ndiye aliyempokea barazani kwake. Alikuwa Mbelgiji, ameishi Rusinga miaka ishirini, na wenyeji walimwita Nyar Belgiam, yaani binti wa Ubelgiji.

"Mama, hii shida ni ya heshima tu," Dishon alisema, akiweka mkono kifuani. "Hao watu wanataka kuona alama. Kila gari yenu ikibandikwa stika rasmi ya steji, hizo mawe zitajitoa zenyewe."

"Dorca, mkubwa wa hiyo steji, nimemjua siku nyingi. Kwa nini nisiongee na yeye mwenyewe?"

"Jaribu," akasema kwa huzuni kubwa. "Kuna mzungu alijaribu kuongea na steji moja huko Otonglo. Wacha nisiseme. Niachie mimi, na mpaka Jumatatu msiwasalimie hata. Hii kitu ni kama yai."

Nyar Belgiam alikunja uso, lakini wenzake walipiga kura, kwa maana wazungu wa pale hupigia kura hata supu. Wakauliza kama stika inastahimili mvua. Dishon akasema ile ya kustahimili mvua iko, ni bei yake tu. Wakachagua hiyo.

Mchana alikuwa kwenye steji. Mwenyekiti wa madereva alikuwa Dorca mwenyewe, mama wa Probox ya kijivu aliyeweza kubadilisha tairi huku anabishana na watu watatu.

"Wazungu wamekubali kuwapa kazi yote, vani wanauza," Dishon aliwaambia. "Shida wanaogopa. Wanataka kila dereva awe na beji. Picha, jina, na damu."

"Damu ya nini?"

"Group ya damu, mama. Wazungu wanapenda kujua."

Madereva wakatazamana, wakakubali kwamba hilo ni kweli, wazungu wanapenda kujua.

"Na tukiwauliza wao wenyewe?" Dorca akasema.

"Uliza uone. Wamesema mtu wa steji akikanyaga tu geti yao, deal imekufa. Mpaka Jumatatu, hata mkono msiwapungie."

Ijumaa jioni Dishon alikuwa na bahasha mbili ndani ya koti, nyeupe ya wazungu na ya khaki ya madereva. Alikataa M-Pesa kwa pande zote mbili, akieleza kwamba amani ya kweli hushikwa kwa mkono. Koti lilimvimba kifuani mpaka mhudumu wa gesti alimuuliza kama anaumwa.

Hesabu yake ya kutoroka ilikuwa safi. Jumamosi ilikuwa ya mazishi ya Mzee Owiti, dereva wa kwanza kabisa wa teksi kisiwani, mtu aliyependwa na kila upande. Watu wote watakuwa matangani, barabara itakuwa tupu, naye atapanda feri ya asubuhi akipiga mluzi. Kwa mtu aliyezaliwa na kukulia Migosi, mtaa wa mjini Kisumu, mpango huo ulikuwa na akili. Lakini Dishon matanga ya ushago, yaani ya kijijini, aliyajua kwa kula tu. Hakujua kwamba siku ya mazishi, kando ya ziwa lile, gari lolote linalotembea barabarani ni la marehemu.

Alipofika darajani alikuta magari yamepangwa, kila moja limefungwa matawi mbele, na watu walioshuka feri wametapakaa wakingoja kubebwa. Dorca alisimama katikati ya njia na tawi mkononi.

"Bwana Dishon! Mungu ni nani! Nilikuwa nasema hii Noah iko wapi. Geuza."

"Mama, mimi naenda Kisumu mara moja, kuna mgonjwa..."

"Mgonjwa atangoja, ako hai. Geuza."

Watu hamsini walikuwa wanamtazama. Kumnyima marehemu gari mbele ya watu hamsini ni kujitangaza, na anayejitangaza hafiki kwenye feri. Dishon akageuza. Wakapakia wajane watatu wa kijijini, wanakwaya, sufuria mbili za harusi zinazotumika pia matangani, na mbuzi. Dorca mwenyewe akajibana nyuma ya dereva, kwa sababu Probox yake ilikuwa imebeba viti vya plastiki.

"Na huyu tusimwache," akasema mjane mmoja. "Ametoka Mbita kwa miguu na hayo maua yote."

Mlango wa mbele ukafunguka. Nyar Belgiam akaingia na shada lake, lesso kiunoni, jasho usoni. Dishon akakanyaga breki ingawa gari lilikuwa limesimama. Kazi yake yote ya wiki nzima ilisimama juu ya jambo moja tu, kwamba wanawake hawa wawili wasikae mahali pamoja. Sasa walikuwa ndani ya gari lake, na kati yao hapakuwa na kitu ila kiti.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Wote wawili walitii masharti yake, kila mmoja akatazama dirisha la upande wake. Dishon akaanza kumwomba Mungu, bila kutaja anaomba kama nani.

Kisha wajane wakaanza kuimba, na Nyar Belgiam akaimba nao kwa Dholuo, ubeti kwa ubeti. Dorca alijizuia beti mbili. Wa tatu ukamshinda.

"Mama, huo wimbo ulifunzwa na nani?"

Nyar Belgiam akageuka kumtazama Dishon kwanza, kama mtoto anayeomba ruhusa. Halafu akaamua kwamba matanga ni matanga.

"Owiti. Siku ya kwanza alinitoa feri mpaka nyumbani akiimba. Na alikuwa anaimba vibaya!"

"Vibaya sana!" Dorca akapasuka kicheko, na kicheko kikageuka kilio, na Nyar Belgiam akanyoosha mkono nyuma akaushika wa Dorca. Wakalia pamoja mpaka mbuzi naye akaitikia.

"Nimefurahi mnauza hiyo vani," Dorca akasema, akifuta macho. "Sasa beji zikitoka Jumatatu tutawabeba vizuri."

"Vani hatuuzi. Na beji ni nini? Mimi najua stika."

Dishon akafungulia redio mpaka mwisho. Dorca akapitisha mkono begani mwake, akaizima.

"Redio kwa matanga? Hata wewe!"

Dishon alitazama kioo akakuta macho ya Dorca yakimngoja. Akageuza macho kushoto akakuta ya Nyar Belgiam. Aliyajua macho ya watu walioibiwa, aliyaona kila mwaka, ila siku zote aliyaona kwa mbali, yeye akiwa ndani ya gari linaloondoka.

"Endesha pole pole, Bwana Dishon," Dorca akasema kwa upole wa kutisha. "Leo hakuna haraka."

Nyumbani kwa marehemu, Noah ilizungukwa na magari kama ishirini, ikawa haiwezi kwenda mbele wala nyuma. Mshereheshaji, mtu anayeitwa Ondiek, alikuwa ametega simu juu ya miguu mitatu ili jamaa wa Nairobi na ng'ambo watazame mazishi moja kwa moja. Rambirambi zikasomwa. Dorca akanong'onezana na Nyar Belgiam, kisha akamnong'oneza Ondiek, Ondiek akampa maiki Nyar Belgiam.

"Huyu kijana wa koti ya buluu," mama alianza, akimwonyesha Dishon kidole, "ametudanganya."

Dishon akahesabu hatua mpaka kwenye ua, akaona vijana wa steji wamesimama huko, wamekunja mikono.

"Ametudanganya sisi wote... kwa upendo! Amekuja kwetu, akasema anachangisha ya stika. Ameenda steji, akasema anachangisha ya beji. Kumbe ni ya mama Celestine, mjane wa Owiti, apate paa mpya, asinyeshewe na mvua tena! Hakutaka mtu yeyote ajisifu. Simama, Dishon. Lete."

Watu wakapiga vigelegele. Kwaya ikaanza wimbo wa kupokea. Dishon alisimama, akapita katikati ya watu mia tano, akatoa bahasha nyeupe.

"Na ya khaki, Bwana," Dorca akasema. "Usione haya."

Akatoa ya khaki. Ondiek akaingilia kati, amekolea. "Na yeye mwenyewe je? Mtu mkubwa hivi hawezi kurudi kukaa na pochi bado mfukoni!"

Pochi ilikuwa na akiba yake ya mahari, pesa chache alizokusanya mwaka mzima kwa uongo mdogo mdogo. Iliuma kuitoa, iliuma kweli. Celestine, mama mzee mwembamba, alimshika mikono yote miwili akasema ero kamano, ero kamano, yaani asante sana, na machozi yakamdondokea Dishon vidoleni. Dishon akatazama chini. Hakuwahi kushukuriwa na mtu kwa kumpa kitu, na hakujua uso wake aupeleke wapi.

Mchana, watu wakila, simu yake ililia. Alikuwa amekaa kati ya Dorca na Nyar Belgiam, maana hawakumruhusu kukaa kwingine.

"Dishon!" Sauti ya Caren ilisikika mpaka kwenye sufuria. "Baba ametumiwa hiyo video ya mazishi, ameona yote kwa simu. Amelia. Baba, kulia! Yule mwalimu ameambiwa aende. Ng'ombe zinaweza kungoja, Baba amesema mtu wa roho hiyo haharakishwi."

Dishon akafumba macho.

"Lakini anataka hao wamama wawili wakuje na wewe hiyo Jumapili ya mwisho wa mwezi wakuwe wasemaji wako, mzungu na huyo mwingine. Waseme kwa mdomo yao wewe ni mtu wa aina gani. Bila wao, amesema usifike."

Simu ikakatika. Dorca alikuwa analamba mchuzi kidoleni, taratibu.

"Kuja si shida," akasema. "Shida ni tutasema nini."

"Mama, tafadhali."

"Wewe ulitujia na habari ya beji, basi leta beji. Beji ishirini na mbili. Picha ya rangi."

"Na stika," Nyar Belgiam akaongeza. "Zile za mvua."

"Bei ya kuchapisha nitoe wapi? Si mmechukua mpaka pochi?"

"Una gari, Bwana," Dorca akasema. "Steji ni ile pale. Panga laini kama wengine."

Tena, kwa kuwa walikuwa wamekaa pamoja na chakula kipo, wanawake hao wakamaliza na mambo ya daraja kabla ya chai: wageni wote watabebwa na teksi kwa zamu na kwa bei moja iliyoandikwa ubaoni, na vani itabeba wagonjwa na watoto wa shule. Dishon alisikiliza amani aliyoiuza mara mbili ikipatikana bure mbele yake.

Jumatatu asubuhi Noah ilikuwa ya kumi na tisa kwenye foleni. Feri mbili zilikuja na kuondoka. Ya tatu ilipotia nanga, zamu yake ikafika, na mtalii mmoja mwenye begi kubwa akamjia. Dishon akafunga kifungo cha koti, akatabasamu, akamtajia bei halali, ileile ya ubaoni, bila kuongeza hata shilingi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake.

Mtalii alimtazama kutoka viatu hadi koti.

"Mwizi," akasema kwa Kiswahili cha kufunzwa, akapanda boda boda.

"Zamu yako imekupita!" Dorca akapiga kelele kutoka kwenye Probox. "Rudi nyuma ya laini!"